Kwa vijana wa kikundi chetu cha Njiro mliomcheka mwizi

Wajukuu zangu,

Sikukasirishwa na kicheko chenu tulipotazama filamu pamoja. Filamu ya The Informant! ya mwaka 2009 ilitengenezwa ichekeshe, na Matt Damon, anayemwigiza huyo mwizi, anachekesha kweli. Kilichoniudhi ni maneno yaliyofuata, pale mmoja wenu aliposema kosa la yule bwana ni kukamatwa tu, na wengine mkaitikia. Wiki hiyohiyo tukaambiwa mfuko wa kikundi umepungua, na mhazini anasema "ameazima." Kwa hiyo naandika wazi, wote msome.

Kisa kile ni cha kweli. Yule bwana, Mark Whitacre, alikuwa mkubwa katika ADM, kampuni kubwa ya kusindika mazao, mjini Decatur, jimbo la Illinois, Marekani. Kampuni hiyo ilikaa vikao vya siri na washindani wake wa Japani na Korea Kusini kupanga bei ya laisini, kirutubisho cha chakula cha mifugo. Ninyi mnaofuga kuku mnaijua. Mnaichanganya kwenye chakula pamoja na pumba na mashudu. Walioumia pale ni wafugaji, waliolipia bei iliyopangwa hotelini na watu waliovaa tai. Whitacre akashirikiana na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, akarekodi vikao kwa siri tangu 1992 hadi 1995, na mwaka 1996 kampuni ikakiri kosa na kutozwa faini ya dola milioni 100.

Wakati huohuo Whitacre alikuwa akiiibia kampuni ileile mamilioni ya dola.

Hapo ndipo mlipocheka bila kuona. Mtu yule hakuamka asubuhi akijiita mwizi. Katika filamu tunasikia mawazo yake muda wote: maofisa wanamweleza jambo zito, yeye anawaza tai za shingoni na dubu weupe wa nchi za barafu. Akili yake inakimbilia popote, ilimradi isikae na alilolifanya. Aliamini wakubwa wake wakianguka, yeye ndiye atakabidhiwa kampuni. Alipoulizwa kachukua kiasi gani, alitaja kiasi; akiulizwa tena, kinapanda. Alikuwa na maradhi ya akili pia, na kwa hilo anastahili huruma. Ninyi mna maradhi gani?

Nimekuwa mkaguzi wa vyama vya ushirika vya kahawa, Kilimanjaro na Meru. Hakuna aliyewahi kuniambia ameiba. "Nimeazima." "Ni posho yangu iliyochelewa." "Wakubwa wanakula zaidi." Katibu wa chama kimoja ndiye aliyetuletea habari za mwenyekiti wake aliyechezea mizani ya wakulima. Habari zilikuwa sahihi, mwenyekiti akaondolewa. Tulipofungua kabati la katibu mwenyewe, tukakuta stakabadhi za malipo za wakulima waliokwisha kufariki, zote zimesainiwa kwa mkono wake. Akashangaa kweli, machozi yakamtoka. "Lakini mimi ndiye niliyewasaidia!" Alidhani jema lile limemlipia deni. Na ule msemo wenu wa mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake msiulete tena kwenye kikao. Shamba analokula mbuzi huyo lina mwenyewe.

Mengine nayataja tu. Usisaini usichosoma. Masurufu, yaani fedha mliyopewa mkononi kwa safari au kazi, yarejeshwe kwa risiti halisi. Wafanyabiashara wakipanga bei kwa siri, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza; toeni taarifa.

Sisi wazazi nasi tumechangia. Rika langu lilikariri ahadi za TANU, kusema kweli daima na kutopokea wala kutoa rushwa, na Azimio la 1967 lina jina la mji huuhuu. Leo Desemba ikifika, watu wakirudi vijijini kwa sikukuu, tunahesabu nani kapanda Rombo au Machame na gari gani, wala hatuulizi kalipata wapi. Kwenye harusi, kiti cha mbele anapewa mwenye mchango mnono, hata kama mshahara wake tunaujua. Mtoto anaona, na anajifunza.

Mhazini, mwanangu, sikuchukii. Whitacre alikaa gerezani zaidi ya miaka 8, muda mrefu kuliko hata wakubwa aliowafichua, na mimi sitaki ufike huko. Andika kiasi chote ulichochukua, mara moja, kwa mkono wako. Njoo na daftari kwenye kikao cha Jumamosi. Nitaketi kando yako wenzako wakikuuliza, tutapanga palepale utarudisha lini na kwa mafungu gani, na ufunguo wa sanduku utamkabidhi mwingine.

Babu yenu,
Njiro, Arusha