Kwa kaka yangu, kuhusu majani ya Oktoba

Kaka, shikamoo. Nimeziona picha zako za Vermont, huko Marekani, za vilima vilivyojaa miti ya mepo, ile inayogemwa utomvu wa kupikia shira, nawe umeandika chini yake kwamba tangu uzaliwe hujapata kuona msitu mzuri namna hiyo. Nimefurahi kwamba umepata siku mbili za kupumzika, maana najua kazi ya usiku inavyokuchosha. Maneno yale, hata hivyo, yamenikaa kooni.

Oktoba ya mwaka juzi ulikuwa kwenye msitu wa miyombo, njia ya Sikonge. Majuma yale yale ambayo huko mchana hufupika na majani hupoteza ukijani yakisubiri kudondoka, huku Tabora ardhi huwa imekauka, jua kali, na miti ya mitundu, jamii ya miyombo, huchipua majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba kabla mvua haijanyesha. Wekundu wa huko na wa huku hutokana na rangi ya aina moja, anthosianini, ila huko hutokea jani linapozeeka na huku linapochipua. Baba hakulijua jina hilo. Alijua kwamba baada ya majani hayo huja maua, na baada ya maua huja nyuki kwenye mizinga yake ya magome, na ndiyo maana alikuomba ushuke garini.

Hukushuka. Ulifunga kioo kwa sababu ya mbung'o, ukaendelea kuzungumza na simu, nami nilisikia ukimwambia mwenzako kwamba hapa ni pori tu. Baba alikuwa amesimama juani, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeliinamisha tawi ili ulione vizuri kutoka dirishani. Alingoja. Kisha akaliachia polepole, akarudi, akaniambia, "Twende, mwenzako amechoka na safari." Machi tulimzika.

Nakushauri, kaka, uwe unamsikiliza mzee anapokuonyesha kitu. Najua utaniuliza kwa nini nami nilinyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, nami ni mdogo wako. Nisingeweza kukukemea mbele ya baba, naye mwenyewe alikuwa ameshakutetea. Hata siku ya arobaini, nilipoacha simu yako iite mpaka ikakatika, nilikuwa na wageni wa kuwapakulia. Si kweli kwamba nilikuwa na wageni tu. Sikutaka kusikia sauti ile ile iliyosema pori.

Nguo zako za baridi ulizoacha nimezifua, zimo sandukuni. Ukija, usije Desemba kama ulivyozoea, kwa kuwa mvua zikishashika majani yote huwa ya kijani na hutaona alichotaka kukuonyesha. Njoo mwishoni mwa Septemba. Mti wenyewe uko mkono wa kushoto ukitoka mjini, na lile tawi bado linafikika kwa mkono.