Mdogo wangu wa Oklahoma, acha kutoka nje na simu

Mdogo wangu,

Ile video ya tornado, ule upepo mkali wa kuzunguka unaoshuka kutoka mawinguni, uliyoipiga ukiwa nje huko Marekani ukaturushia kwenye grupu la familia, mama ameiangalia mara tatu. Hakusema neno. Akazima simu, akaenda kulala saa mbili usiku. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kule kwenye grupu utanijibu kwa vikatuni.

Wewe ni mtoto wa Dodoma, ukiona tornado akili inakwambia hiyo ni chamchela imenenepa. Chamchela yetu inapita na vumbi na mifuko ya nailoni, watoto wanaikimbilia. Hiyo ya kwenu ya tarehe 3 Mei 1999, iliyopita Bridge Creek na Moore, rada iliipima upepo wa kilomita 480 hivi kwa saa. Na upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inapanda mara nne.

Picha za Joplin, Missouri, za Mei 22, 2011, nimezitazama kwa jicho la fundi wa nyumba. Miti imebaki vigogo vyeupe, gome limebanduka lote. Ule upepo unabeba mchanga, vioo, mbao na mabati, na vyote hivyo vinapita vikikwangua. Magari mengine yamejikunja kwenye vigogo hivyohivyo. Hospitali ya St. John's, jengo la zege la ghorofa kadhaa, ilibaki imesimama, lakini ilivurugika mpaka ikabidi ibomolewe. Waliokufa mjini walizidi 150.

Sasa hizo nyumba zenu za mbao. Mara nyingi udhaifu huanzia mlango wa gereji. Ukishabonyea, upepo unaingia na kulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje unalivuta kutoka juu. Paa likiondoka, kuta hazina cha kuzishika. (Na wale wanaokimbilia kufungua madirisha eti hewa isawazike, wanapoteza dakika zao bure.) Mwaka 2014 mji wa Moore ulibadilisha kanuni za ujenzi: nyumba mpya zihimili upepo wa kilomita 217 kwa saa, mlango wa gereji uwe imara, kenchi zifungwe ukutani kwa vyuma na zisitegemee misumari peke yake. Nilifurahi kusoma hivyo. Misumari mitupu imenigombanisha na wateja wangapi!

Ukaniambia ikija unawasha gari unakimbia. Tarehe 31 Mei 2013, El Reno, hapohapo Oklahoma, ilishuka tornado yenye upana wa zaidi ya kilomita 4. Tim Samaras, mtu aliyezichunguza tornado kwa miaka mingi, alikufa siku hiyo na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Walikuwa garini. Wewe una leseni ya mwaka jana.

Wala usijifiche chini ya daraja la barabara kuu. Mwaka 1999 wapo waliofanya hivyo wakafia pale; upepo ukibanwa kwenye uwazi mdogo unaongeza kasi.

King'ora kikilia, ingia chumba cha ndani kabisa, cha chini, kisicho na dirisha, uvae helmeti ukiwa nayo.

Halafu nijibu hili: unapoishi ni nyumba yenye msingi, au ni zile za tela, zinazokaa juu ya magurudumu? Kama ni tela, nenda leo ukamwombe jirani mwenye shimo la kujifichia akupe nafasi. Ukimaliza mpigie mama. Meseji hataki.