Dada, sinia bado liko kwangu

Dada yangu,

Shikamoo. Simu hupokei. Ujumbe unausoma, naona, halafu kimya. Basi naandika hapa, maana najua mwanao atakuonyesha hata ukikataa.

Mwaka wa pili unaingia tangu ile Oktoba. Watu wakiniuliza mmekosana nini na dada yako, nasema hatujakosana, siku hizi amezama shambani. Nawaongopea.

Sinia lile. Tarehe 27, siku ambayo tangu 2010 wenzetu duniani kote wanaadhimisha kazi yetu ya tiba kwa vitendo, na sisi tukaona ndiyo ya kuwashukuru waliokitumikia chama bila kulipwa. Mimi katibu, kipaza sauti mkononi. Mgeni rasmi kasimama. Kumbe binti aliyepangwa kubeba ngao hakuja, na kabla sijajua nifanyeje, nikakuona umeshatandika kitenge kwenye sinia, ngao tano juu yake, unakuja polepole kama mtu anayempelekea mgonjwa uji. Nikasoma jina la kwanza. Ukamkabidhi mgeni rasmi, naye akampa mwenyewe, picha, makofi. La pili. La tatu. La nne. La tano lilikuwa langu.

Hukutetereka. Uliinyanyua ile ngao, ukaona ina alama ya vidole, ukaifuta kwa ncha ya kitenge ndipo ukaitoa. Gumba lako lina lile kovu la siku tulipokuwa tunapasha moto mabomba ya plastiki ili tuyakunje kuwa mabanzi ya mikono, maana zile plastiki maalumu hatukuwa nazo hata kipande. Nilikuwa naliangalia hilo kovu hadi mpiga picha akanisemesha, "Dada, angalia huku." Ukakunja kitenge, ukaenda kusaidia kupakua pilau.

Sasa na mimi nisikilize. Hela ilitosha ngao tano tu, na hizo tano tulimbembeleza fundi. Mbili za wafadhili, hapo hakuna ubishi, bila wao hata ukumbi tusingepata. Moja ya mwenyekiti aliyemaliza muda wake. Moja ya marehemu, akaipokea mjane wake, na wewe mwenyewe ulilia. Ikabaki ya tano, na aliyetaja jina langu si mimi. Mimi nilinyamaza tu. Kikao cha Agosti ulikuwepo, ukaulizwa na kila mtu akisikia kama kuna aliyesahaulika. Ulisema nini? "Tuendelee, ajenda ni nyingi." Mtu akisema tuendelee, mwenzake afanyeje?

Najua utakachojibu. Utasema aliyekuwa anaandika mihtasari ya vikao hivyo ni nani. Ni wewe, miaka tisa.

Na wewe ndiye uliyetusimulia ile habari pale Moshi, sisi wa mwaka wa kwanza hatuwezi hata kueleza nyumbani tunasomea nini. (Kwa wanaosoma: tiba kwa vitendo si masaji, ingawa baba yangu aliwaambia majirani hivyo mpaka anaingia kaburini. Tunamrudisha mtu kwenye shughuli zake: kufunga vifungo vya shati, kusonga ugali, kuandika.) Ulitupeleka Clifton Springs, New York, Machi 1917, nyumbani kwa George Barton, yeye na wenzake wanaanzisha chama ambacho leo ndicho cha wenzetu wa kazi hii Marekani nzima. Daktari alikuwemo, lakini hukumsimulia sana. Ulimsimulia Isabel Newton, karani wa Barton, ambaye leo anahesabiwa mwasisi sawa na wale wengine. Ulisema, "Msije mkamsahau mshika kalamu." Nililiandika hilo kwenye daftari langu. Daftari ninalo.

Lakini nikushauri kama mdogo wako: usiwatumikie watu huku umenuna kimoyomoyo. Ukitaka kitu, sema. Mimi huwa nasema. Nikitaka nafasi nagombea, nikishindwa narudi kukaa. Kama najulikana kwa sababu nasimama mbele, hilo nalo ni kosa langu? Kuna mtu alitakiwa kwenda wizarani, akavumilie yale mabenchi, asubiri sahihi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nani alikwenda? Haya, tuache.

Nakumbuka zaidi zile Jumamosi za maboksi. Tunabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, tunaanika kiti juani, kuku wanadonoa gundi na wewe unawafukuza kwa kandambili. Yule mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, aliyezoea kumlisha akiwa amemlaza. Ukamkalisha mtoto kwenye kiti chake, ukamfunga mkanda wa kanga, ukamshikisha kijiko. Mama akatoka nje. Ulinikataza kumfuata. Ukasema mwache alie, chakula kisipoe.

Mwezi uliopita nilikabidhiwa makabrasha ya zamani ya chama. Ndani kuna daftari la ada, mwandiko wako, wino wa bluu. Nikatafuta jina langu ile miaka miwili sina ajira, ninayojisifia jukwaani kwamba hata kwenye shida sikuwahi kukosa kulipia uanachama. Kwenye safu ya aliyelipa, miaka yote miwili, kuna herufi za jina lako.

Ungeniambia. Dada, miaka yote hiyo, ungeniambia tu. Nimesimama na ngao ile mbele ya watu wote, na wewe unajua.

Jumapili nikakutumia ile hela kwenye simu, elfu arobaini kamili. Hazikupita dakika kumi, ukairudisha. Na ya kutolea juu yake.