Kwa mtani anayehamia Mbeya

Mbeya, Agosti

Mtani wangu,

Salamu za baridi. Upepo wa Agosti huku unakausha midomo, na asubuhi hatutoki bila sweta, ingawa wewe wa Iringa hutashangaa sana. Uhamisho wako umenifurahisha, hata kama unamletea jirani zangu Mwananchi mwingine wa kupiga kelele Yanga ikifunga.

Sasa hizo nyumba mbili zilizo wazi kwenye ghorofa letu. Dalali kakwambia dishi linashika popote. Yule anawaza kodi yake ya mwezi mmoja. Dishi halishiki popote, na ni bora ujue hilo kabla hujatoa miezi sita.

Kwanza, mlima uuache. Hapa kila anayekosa picha anamsingizia Loleza. Satelaiti hizi zimekaa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, na sisi tuko nyuzi tisa tu kusini yake, kwa hiyo tunazitazama juu sana. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya bahari kule karibu na São Tomé. Kutoka Mbeya unaitafuta magharibi, ukielemea kaskazini kidogo, na imeinuka nyuzi 57 hivi kutoka upeo wa macho. Wanayotumia DStv iko nyuzi 36 mashariki, juu ya Kenya, usawa wa Nakuru. Hiyo kwetu iko karibu utosini: nyuzi 79, kaskazini na mashariki kidogo. Loleza ukimtazama kutoka mjini hafiki hata nyuzi 20. Kinachokukinga ni sakafu ya balkoni ya jirani wa juu.

Umbo la dishi ndilo linalowadanganya watu. Madishi haya tunayofunga majumbani hayapokei pale uso wake unapoelekea, yanapokea kutoka juu zaidi, tofauti ya nyuzi ishirini na kitu. Ukiliona la Azam ukutani utaapa linautazama mlima, kumbe linapita juu yake kabisa.

Nyumba ya ghorofa ya kwanza balkoni yake inaangalia magharibi, barabarani. Azam hapo utaipata, ila fundi atataka kulipachika juu karibu na dari, kwa kuamini kwamba juu ndiko kwenye mawimbi. Mkatalie. Pale mawimbi yanaingia kwa kushuka kutoka nje, na kila mita moja unayorudi ndani yanakuwa yameshuka mita moja na nusu. Dishi lililobanwa darini linatazama zege. Liweke chini sakafuni, karibu na reli, lisirudi ndani zaidi ya mita moja. Ukuta mdogo wa reli usikutie hofu, mawimbi yanapita juu yake. DStv kwenye balkoni hiyo sahau. Ungehitaji mkono wa chuma unaochomoza karibu mita nzima nje ya reli, na mama mwenye nyumba hataki kuona chuma chochote upande wa barabarani. Tumeshabishana naye hilo, hasikii.

Nyumba ya pili ni ya juu kabisa, upande wangu, balkoni mashariki. DStv inawezekana, kwa sababu juu yako hakuna balkoni nyingine, ni ukingo wa bati tu. Dishi likikaa kwenye reli linaona anga. Azam ndiyo haiwezekani, jengo zima liko mgongoni mwako. Na bila Azam ligi yetu utaisikiliza redioni.

Ndiyo maana upande huu tulichanga tukaweka dishi moja la Azam juu ya paa, lenye LNB (kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi) ya matundu manne, kila nyumba na kebo yake. Fundi wa mwanzo aliteremsha kebo moja kisha akatugawia kwa kile kigawanyio cha bei rahisi. Picha ilitoka, akalipwa, akaondoka. Jioni vita ikaanza. Kisimbuzi huchagua kundi la chaneli kwa kupandisha umeme mdogo kwenye kebo, volti 13 au 18, na LNB ya tundu moja haiwezi kutii amri mbili kwa wakati mmoja. Mama wa mlango wa kwanza akifungua taarifa ya habari, mpira wangu unaganda. Ilibidi tulete fundi mwingine, ambaye alicheka kwanza ndipo akapanda ngazi.

Huyo wa pili alifanya na jambo moja ambalo wengi hawafanyi. Picha ilipotoka hakukaza nati, aliendelea kulisogeza dishi kidogo kidogo na kuizungusha LNB, huku mtu chini akimpigia kelele kiwango cha ubora kinachosoma kwenye skrini. Kiangazi hiki hata dishi lililolegalega linatoa picha safi. Ngoja Novemba ifike. Mvua kubwa inayameza mawimbi haya, na dishi lisilolenga sawasawa linakuwa la kwanza kukata. Radi zikianza kupiga mlimani, chomoa kebo na plagi, mpira utausoma kesho.

Usiniamini mimi wala dalali, jionee. Njoo uangalie nyumba kati ya tarehe 15 na 20 Septemba. Siku hizo, saa tisa kasoro robo alasiri, jua linakuwa pale pale ilipo satelaiti ya Azam ukiangalia kutoka Mbeya. Simama balkoni uone jua linapoangukia. Palipo na mwanga dishi litashika, palipo na kivuli usipoteze hela. Ya DStv ni hivyo hivyo, ila saa sita na nusu mchana. Dira ya simu iache mfukoni, ukiisogeza karibu na reli ya chuma inakuonyesha kaskazini inayoitaka yenyewe.

Ningekuwa wewe ningechukua ya juu. Ile ya chini jua la alasiri linaingia mpaka kitandani, na bodaboda hawalali. Tundu la nne la LNB liko wazi tangu mwalimu mmoja ahame, nami nimewaambia wenzangu wakushikie. Ila kuna jirani ameanza kuliulizia kwa ajili ya mwanawe, kwa hiyo nijibu kabla mwezi haujaisha. Utanunua kebo yako tu, na soda ya fundi.

Msalimie shemeji na watoto.

Mtani wako,
Mnyama wa ghorofa ya tatu