Mgonjwa wa presha aulizwe kama anachoma dhahabu

Mhariri,

Presha ikitajwa, lawama huangukia chumvi, pombe na mawazo. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi nimechoma dhahabu miaka kumi na mmoja huku Geita, sasa nakunywa vidonge vya presha, na tangu nianze kliniki hakuna aliyeniuliza habari za zebaki. Kwenye kadi yangu, mahali pa kazi, pameandikwa "mkulima". Kwetu kila mtu ni mkulima.

Kwa asiyeijua kazi hii: zebaki tulipimiwa kwa kizibo cha soda. Unaisugua na mchanga kwenye beseni kwa mikono mitupu, inakamata dhahabu, unaikamua kwa kitambaa hadi kibaki kidonge cheupe kama fedha. Kidonge kinawekwa juu ya mkaa, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Mimi nilikichomea jiko lile lile la ugali, mlango umefungwa, maana dhahabu haichomwi hadharani. Mvuke huo wa zebaki hauna rangi wala harufu, hivyo hata kukohoa hukohoi.

Maonyo tuliyopewa ni ya kutetemeka mikono na kuharibika figo. Moyo haukutajwa, ingawa figo zikichoka presha nayo hupanda. Mwaka 2001 ulitolewa utafiti wa wafanyakazi wa machimbo ya zebaki Hispania, Italia, Slovenia na Ukraine. Waliokufa kwa presha walizidi kiwango cha kawaida cha nchi zao.

Zebaki ya kwenye samaki ni habari nyingine, na hapo wataalamu hawajakubaliana. Ufini, mwaka 1995, wanaume wenye zebaki nyingi kwenye nywele walionekana kupata shambulio la moyo karibu mara mbili ya wenzao. Marekani, mwaka 2011, uhusiano huo haukuonekana. Samaki ana mafuta yanayoufaa moyo, kwa hiyo asije mtu akaacha dagaa kwa sababu ya barua yangu. Zebaki hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na semina tumehudhuria. Ninachoomba ni kidogo zaidi ya semina: zahanati za maeneo ya machimbo zimuulize mgonjwa wa presha kama anachoma, na anachomea wapi. Wake zetu waulizwe pia. Wangu hajawahi kukanyaga mwaloni, kule tunakosafishia mchanga wa dhahabu, lakini jiko lilikuwa lake.

Mchoma dhahabu mstaafu,
Geita