Kabla hujakubali sindano ya kiuno

Zuhura ndugu yangu,

Pole na maumivu. Umeniuliza ipi bora: steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kuchoma neva kwa joto, au plazima ya damu yako mwenyewe. Mimi nakuuliza kwanza: kiungo gani kinauma? Sindano nzuri ikichomwa pasipouma ni hasara tupu.

Maumivu yakikaa kando ya uti wa mgongo na kuzidi ukijipinda nyuma, hushukiwa faseti, vile viungo vidogo vinavyoshikanisha pingili kwa nyuma. Ukiweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, kwenye kishimo kilicho juu ya tako, hushukiwa sakroiliaki, kiungo kinachounganisha mwisho wa uti wa mgongo na nyonga. Yakiteremka chini ya goti pamoja na ganzi, huo huenda ni mzizi wa neva, na matibabu yake ni mengine. Picha ya MRI peke yake isikutishe. Wengi wana viungo vilivyochakaa na hawaumwi.

Kwa faseti, uamuzi hutoka kwenye sindano ya kupima. Kila kiungo kina neva mbili: kile kilicho kati ya pingili za kiuno za nne na tano (L4 na L5) hupata zake kutoka L3 na L4. Kila neva hupewa ganzi nusu mililita au pungufu, maana ikizidi husambaa kwingine na jibu linakuwa la uongo. Usiombe dawa ya kukusinziza, na muulize daktari kama unaweza kuacha vidonge vya maumivu asubuhi hiyo. Ukitoka, fanya yale yanayokuumiza: panda ngazi, inama, simama muda mrefu. Andika namba, 0 hadi 10, kila nusu saa kwa saa sita. Ganzi iitwayo lidokaini huisha baada ya saa moja hadi tatu, ile ya bupivakaini hukawia zaidi. Nafuu ikiwa kubwa, kipimo kirudiwe siku nyingine. Kimoja hudanganya mara nyingi.

Ukifaulu vyote viwili, ndipo kuchoma neva kunapokuwa na maana. Ncha ya sindano hufikishwa nyuzi 80 hivi kwa sekunde 60 hadi 90. Kiungo hakiponi, ila kimenyang'anywa mpeleka habari. Neva huota tena, kwa hiyo hesabu miezi sita hadi mwaka, na wiki moja au mbili za mwanzo kiuno kinaweza kuuma zaidi.

Steroidi ndani ya faseti siipi matumaini makubwa. Kwenye sakroiliaki inaridhisha kiasi: huanza kufanya kazi baada ya siku chache, ikadumu wiki au miezi. Kama una kisukari, pima sukari mara kwa mara siku zinazofuata, kwani hupanda.

Plazima naiweka mwisho. Kila kliniki huiandaa kivyake, kwa hiyo matokeo hayalinganishiki. Ibuprofeni na diklofenaki huachwa kwa muda kwa sababu huzuia chembe sahani kufanya kazi, zile chembe za damu ambazo plazima hii inazitegemea.

Iwe ipi, uliza kama wataongoza sindano kwa eksirei na dawa ya rangi. Sakroiliaki ikichomwa kwa kupapasa tu, mara nyingi dawa huishia nje ya kiungo. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema, usiziache mwenyewe. Baadaye ukipata homa, miguu kulegea, au mkojo kukataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Zile namba za saa sita nitumie kabla hujalipia chochote.

Wako,
Mwanaidi