Dawa za TB na TLD: onyesheni kadi zote mbili

Mhariri,

Wapo wagonjwa hapa Moshi wanaoanza dawa za TB huku kadi ya CTC (kliniki ya huduma za VVU) wameifungia kabatini. Hatari kubwa! Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulichochea ini kuivunja haraka dolutegraviri, mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika TLD, kidonge cha VVU, dawa ikapungua mwilini, virusi vikapata mwanya wa kujenga usugu. Ndiyo maana daktari huongeza dozi: TLD saa 1 asubuhi, kisha dolutegraviri peke yake, miligramu 50, saa 1 jioni. Nyongeza hiyo iendelee wiki 2 baada ya rifampisini kwisha, kwa kuwa ini halitulii siku hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi hukosea. Amoksilini haina tatizo hilo. Dawa za kiungulia zenye magnesi au aluminiamu, TLD izitangulie kwa saa 2.

Mfamasia, Moshi